Jina la Mkaratusi katika Ndimi za Nakivale

Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda, uko mti mmoja ambao majina yake hayatoshi kuhesabiwa kwa vidole vya mkono mmoja. Mrundi huuita umukaratusi. Mnyarwanda huuita inturusu. Mwethiopia asemaye Kiamhari huuita bahir zaf, na jirani yake Mweritrea asemaye Kitigrinya huuita kelamitos. Mkongo aliyepitia shule ya Kifaransa hulitamka jina la vitabuni, eucalyptus, na kulikazia silabi ya mwisho. Naye Mganda aliyekuja kutafuta nguzo za kujengea huuita kalitunsi. Sisi walimu wa Kiswahili tumeukuta mti huo umekwisha kuingizwa katika kamusi zetu kwa jina la mkaratusi, ingawa baadhi yetu husema na kuandika mkalitusi.

Huenda msomaji akauliza: jina la mti lina uzito gani hata litengewe kurasa katika jarida la walimu? Twajibu kwamba lina uzito wa namna mbili. Kwanza, mti huu ni mgeni katika nchi zetu zote. Majina ya mvule, mninga na mkwaju yalikuwapo kabla ya kumbukumbu ya mtu yeyote, wala hakuna awezaye kusimulia yalivyotungwa. Bali mkaratusi umeingia Afrika ya Mashariki katika muda wa miaka mia moja na thelathini hivi, na kila taifa lililoupokea limelazimika kuutafutia jina mbele ya macho ya historia. Kwa hiyo hapa twaweza kuiona lugha ikiwa kazini, kama mtu amwonavyo fundi akiranda mbao. Pili, liko jambo la darasani. Tumesikia si mara moja mwalimu akimwambia mtoto kwamba "ameharibu" neno kwa sababu amelitamka kama linavyotamkwa nyumbani kwao. Tuhuma hiyo ya kuharibu ni nzito kuliko idhaniwavyo, hasa ikimwangukia mtoto ambaye hakubaki na mali nyingine aliyotoka nayo kwao ila lugha.

Kwanza tuseme habari za mahali penyewe. Nakivale yalianza kuwa makazi ya wakimbizi mwishoni mwa miaka ya 1950, na wakazi wake wa kwanza wengi walikuwa Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya mwaka 1959. Mwezi wa Oktoba 1982, watu wenye asili ya Rwanda walipofukuzwa majumbani mwao katika wilaya ya Mbarara ya wakati ule, wengi walisukumwa kuingia humo na katika makazi jirani ya Oruchinga. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 na vita vya Kongo vilivyoanza 1996, wakaja wengine; kisha Warundi, Wasomali, Waethiopia na Waeritrea. Eneo lenyewe ni la kilomita za mraba zipatazo 185, kando ya ziwa liitwalo Nakivale vile vile, na tangu mwaka 2006 limo katika wilaya ya Isingiro, iliyokatwa kutoka wilaya ya Mbarara. Leo wanaishi humo watu zaidi ya 100,000. Lugha iwaunganishayo wengi wao sokoni, kisimani na kwenye foleni ya chakula ni Kiswahili, kilicholetwa hasa na Wakongo na Warundi. Jambo hili ni la kuangaliwa, kwa maana nchini Uganda Kiswahili kilikaa muda mrefu na sifa ya kuwa lugha ya kambi za jeshi. Katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Baraza la Mawaziri likatoa uamuzi wa kukifundisha kwa lazima katika shule mwaka 2022. Lakini Nakivale watu walikuwa wamekwisha kukisema kwa haja zao kabla ya uamuzi wowote.

Sasa turudi kwenye mti. Asili yake ni Australia na visiwa vya karibu. Mwaka 1777, katika safari ya tatu ya nahodha James Cook, mkusanyaji wa mimea David Nelson alichukua kijiti cha mti huo katika kisiwa cha Bruny, kusini mwa Tasmania. Kijiti hicho kilipelekwa London, na huko Mfaransa Charles Louis L'Héritier akakichunguza na kukipa jina mwaka 1788. Alilitunga jina hilo kwa maneno mawili ya Kiyunani: eu, maana yake vema, na kalyptos, maana yake kilichofunikwa. Sababu ni kwamba ua la mkaratusi, kabla ya kuchanua, huwa na kifuniko mfano wa kofia ndogo, nacho huanguka ua linapofunguka. Mwalimu yeyote aweza kuwatoa wanafunzi nje wakaviokota vifuniko hivyo chini ya mti; ni somo la sayansi na la lugha kwa pamoja, tena halina gharama.

Basi mtaalamu mmoja mezani pake aliunganisha maneno mawili ya Kiyunani kwa ajili ya vitabu vya Kilatini, bila kufikiri hata kidogo kwamba siku moja jina hilo litatamkwa na muuza kuni wa Ankole. Neno lilipotoka kitabuni likaingia vinywani, kila kinywa kililipitisha katika njia zake. Tukiyaweka pamoja karatusi, kalitunsi, turusu na kelamitos, twaona kwamba ile silabi ya kwanza, eu, haikusalimika popote. Wenye kupenda mzaha wangesema kwamba Afrika imekubali kuwa mti huu umefunikwa, lakini haikukubali kwamba umefunikwa vema.

Kabla hatujaeleza mabadiliko hayo, yafaa tuazime mfano kutoka mbali, ili isidhaniwe kwamba kuyageuza maneno ya kigeni ni ulemavu wa ndimi za Kiafrika peke yake. Katika nchi za baridi kuna mti mrefu, wenye kukua upesi, upandwao kando ya barabara na mito, ambao Warumi waliuita populus. Wafaransa wanauita peuplier na Wajerumani Pappel, na sikio la mtu yeyote lasikia udugu wa majina hayo. Lakini Warusi huuita topol, kwa l laini mwishoni, na ndugu zao Wapoland na Waserbia husema topola. Hiyo t imetoka wapi? Wengi wa wachunguzi wa asili ya maneno huona kwamba neno hilo ni lile lile la Kilatini, isipokuwa p mbili zilizofuatana zilionekana nzito kwa ulimi, na ya kwanza ikajitenga kwa kugeuka kuwa t. Wasomaji wa magazeti huenda wamelikuta neno hilo mahali pengine kabisa, kwa kuwa Wasovieti walilitumia kuliita kombora lao la masafa marefu katika miaka ya 1980. Mti wenyewe ulipandwa kwa wingi mjini Moscow baada ya Vita Vikuu vya Pili, na kila mwezi wa Juni hujaza mitaa kwa manyoya yake meupe mithili ya pamba, hata watu wakapiga chafya na kunung'unika.

Katika mfano huu twapenda msomaji ashike mambo mawili. La kwanza, neno lilipoingia katika ndimi za Kislavi lilitakiwa kupewa jinsi, kwa sababu katika ndimi hizo kila nomino haina budi kuwa ya kiume, ya kike, au isiyo ya kiume wala ya kike. Wapoland waliliweka katika jinsi ya kike. Warusi leo huliweka katika jinsi ya kiume. Mti ni mmoja, lugha ni ndugu, na bado makao yake katika sarufi ni mbalimbali. La pili, hakuna mwalimu wa Kirusi amwambiaye mwanafunzi wake kwamba topol ni Kilatini kilichoharibika. Ni Kirusi, basi.

Kule kujitenga kwa sauti mbili zilizofanana si jambo geni kwetu. Msomaji wa Nakivale hulisikia kila siku, ingawa hana habari kwamba lina jina. Katika Kinyarwanda na Kirundi, kiambishi cha kitenzi ni ku-, kama katika kugenda na kubona. Lakini shina likianza kwa sauti isiyo na mghuno, kama t au k, kiambishi hulainika kuwa gu-: watu husema guteka na gukora, wala hawasemi kuteka na kukora. Wanaisimu huiita desturi hii Kanuni ya Dahl, kwa jina la Mjerumani Edmund Dahl, mmisionari katika nchi ya Wanyamwezi, aliyeitambua mwanzoni mwa karne ya 20. Mwendo wake si ule ule wa topol, maana hapo ni mghuno unaobadilika na huku ni mahali pa matamshi. Lakini chanzo ni kimoja, nacho ni ulimi kukataa kupiga hodi mara mbili katika mlango ule ule.

Na kanuni hiyo imelifikia hata neno la mti lenyewe, na hapo walimu wageni Nakivale hupata mshangao wao wa kwanza. Kwa Kinyankole na Kiganda mti ni omuti, wingi emiti, karibu sawa na mti na miti ya Kiswahili. Kwa Kinyarwanda na Kirundi mti ni igiti, wingi ibiti. Shina ni -ti lile lile la kale, ambalo Wabantu wamelibeba tangu walipokuwa bado hawajatawanyika, ila limehamishwa ngeli: limetoka kwa mu- likaingia kwa ki-, na ki- hiyo ikalainika kuwa gi- kwa sababu ya t iliyo mbele yake. Tukiiondoa i- ya mwanzo na kuirudisha k mahali pake, twapata kiti. Kwa hiyo mtoto aliyetoka Burundi akiandika kwamba "kiti kimeanguka barabarani", mwalimu asiharakishe kumcheka, kwani huenda alichokiona kweli ni mti mzima uliozuia njia. Tena umuti kwa Mrundi na Mnyarwanda ni dawa, jambo ambalo halitamstaajabisha yeyote ajuaye miti shamba ni nini. Kiti cha kukalia, dawa ya kunywa na mti wa kukata kuni vimetoka katika shina moja, na vyote vitatu hukutana katika daftari moja la darasa la nne.

Tukiwa na hayo mkononi, twaweza kulitazama neno mkaratusi. Kiswahili cha mazoea hakipendi p na t zikae bega kwa bega. Ama hutiwa irabu katikati, ama moja huondoka. Hapa imeondoka p. Mwisho wa neno, s haiwezi kubaki bila irabu, ikapewa i. Hadi hapo tuna kalitusi, na twaona kwamba wasemao mkalitusi wamebaki karibu zaidi na chanzo. Ni wapi basi zilipotoka r na a za karatusi? Kwa upande wa r, tukumbuke kwamba katika lugha nyingi za bara l na r si sauti mbili. Kirundi na Kinyarwanda huandika r katika maneno yao ya asili. Kiganda huandika r baada ya i na e, na l penginepo, na msemaji mwenyewe huziona kuwa sauti moja. Umukaratusi wa Kirundi na mkaratusi wa Kiswahili yafanana mno kiasi kwamba ni vigumu kuamini yalitungwa mbalimbali. Kiswahili kilikuwa lugha ya utawala na ya biashara katika Burundi tangu siku za Wajerumani, na huenda neno lilisafiri nacho. Lakini r yake yaelekea kuwa na harufu ya bara kuliko ya pwani.

Kwa upande wa a, irabu mara nyingi hufuata irabu iliyoitangulia. Lakini sisi twashuku kwamba liko neno jingine lililoivuta, nalo ni karatasi. Karatasi ni neno la Kiarabu, qirtas, ambalo nalo lilitoka kwa Wayunani zamani. Mtu aliyekwisha kulizoea karatasi, akisikia neno geni lenye k, r, t na s kwa mpangilio ule ule, ulimi wake hupita katika njia iliyokwisha kulimwa. Haya twayasema kwa kukisia. Ni jambo la kufurahisha, hata hivyo, kwamba karatasi nyingi za dunia leo hutengenezwa kwa mikaratusi, ingawa haki ya mfanano huo ni ya bahati tu. Warumi nao walikuwa na bahati ya namna hiyo: populus yenye o ndefu ni mti, na populus yenye o fupi ni umma wa watu, na hawakukosekana watu waliosema kwamba mti huo uliitwa hivyo kwa kuwa ni mti wa watu wote. Wanafunzi wetu watatunga hadithi kama hizo juu ya karatasi na karatusi. Tusiwakataze kuzitunga, tuwafundishe tu kuzitofautisha na ushahidi.

Baada ya sauti huja ngeli, na hapa Kiswahili hakikusita hata kidogo. Miti yote huingia M-MI, na wageni kwa wenyeji ni sawa. Mpera umetoka kwa Wareno, msonobari kwa Waarabu, mwerezi katika Kiebrania kupitia kwa wafasiri wa Biblia, nao wote husimama mstari mmoja na mvule. Tofauti ni moja. Mpera huzaa pera na mchungwa huzaa chungwa, lakini hakuna mtu aliyepata kuchuma karatusi. Neno limepewa kiambishi cha mti bila kupewa tunda, na kwa hiyo lile shina tupu husikika kidogo sana peke yake. Kirundi kilifanya vivyo hivyo: ingawa neno la mti kwa jumla limehamia ki-, majina ya miti mingi yamebaki katika umu-, kama umuvumu na umunyinya, na umukaratusi ukapewa kiti kati yao. Kinyarwanda kikachukua njia nyingine. Inturusu haimo kati ya umuvumu na umunyinya. Imo katika ngeli ya in-, ipokeayo wanyama na maneno mengi ya kigeni. Mwanzo wa neno umekatwa, na l iliyokuwa kabla ya t yaonekana imeruka ikawa r baada yake. Warundi na Wanyarwanda husikilizana bila mkalimani, nyumba zao hukaribiana katika vijiji vya Nakivale, wanakata kuni katika mti mmoja, na bado mmoja ameuweka mti huo kati ya miti na mwingine ameuweka kati ya wageni. Ni kama Mrusi na Mpoland na topol yao.

Kelamitos ya Kitigrinya ina ufundi wake. Pale Kiswahili kilipoitupa p, Kitigrinya kimeigeuza kuwa m, sauti nyingine ya midomo miwili, kikaipa irabu kila upande.

Lakini Mwethiopia wa Kiamhari hakulijali kabisa jina la L'Héritier. Bahir ni bahari, neno ambalo Mswahili hana haja ya kufasiriwa, na zaf ni mti; kwa hiyo bahir zaf ni mti wa bahari, yaani uliokuja kutoka ng'ambo. Mfalme Menelik wa Pili aliuleta mti huo katika miaka ya 1890. Mji mkuu wake mpya, Addis Ababa, ulikuwa umemaliza misitu ya karibu, na kulikuwa na shauri la kuuhamisha kwa sababu ya kukosa kuni. Mikaratusi ikapandwa, ikakua upesi, na mji ukabaki palipo. Watu waliookolewa na mti hivyo waliuita kwa njia uliyopitia.

Katika Kenya, ambako mkaratusi uliletwa mwaka 1902 kwa ajili ya kuni za treni za Reli ya Uganda, watu waliutazama mkononi kuona wataufanyia nini. Wajaluo huuita bao, jina lililotokana na mbao. Wakamba huuita musanduku, maana yake mti wa masanduku. Wakikuyu wana jina jingine linalotupasa kusimama kidogo: munyua-mai, yaani mnywa maji. Jina hilo ni hukumu kamili ya wakulima, iliyotolewa bila mizani wala maabara, kwamba mti huu ukipandwa karibu na chemchemi huinyonya. Mwaka 2009 waziri wa mazingira wa Kenya, John Michuki, aliamuru mikaratusi iliyopandwa kando ya mito na katika ardhi oevu ing'olewe. Walioulizana sababu ya amri hiyo wangaliweza kuipata katika jina la Kikuyu. Kiswahili chenyewe chajua njia hii ya kuita mti kwa kazi yake, maana mti wa Kihindi uliokuja na sifa ya kutibu maradhi arobaini kiliuita mwarobaini. Kwa mkaratusi hakikufanya hivyo, na sisi twaona kwamba hapo kilikosa fursa. Mkaratusi ni jina lisilosema lolote juu ya mti. Munyua-mai humwonya mpandaji kabla hajachimba shimo.

Na onyo hilo si la mchezo katika nchi tunayoizungumzia. Isingiro ni sehemu kavu ya Uganda, nchi ya nyasi, ng'ombe na migunga, ambako mvua ikichelewa watu huhesabu madumu. Mji wa Mbarara wenyewe husimuliwa kuwa ulipata jina lake katika emburara, nyasi ndefu zilizojaa mahali pale Waingereza walipouweka makao yao ya wilaya ya Ankole mwishoni mwa karne ya 19. Mikaratusi ililetwa Uganda katika miaka ya 1910 hivi, kwa kusudi la kupata kuni za miji na la kuyakausha mabwawa yaliyozaa mbu wa malaria. Yaani huku mti ulikaribishwa kwa sababu ya kiu yake ile ile, ambayo kwingine umeshutumiwa kwayo. Leo Mbarara ni jiji, tangu mwaka 2020; jina lake ni la nyasi, lakini mapaa yake yanaegemea mikaratusi, nguzo za umeme ni mikaratusi, matofali yake huchomwa kwa mikaratusi, na migomba ya Isingiro iliyolemewa na mikungu hushikiliwa kwa viegemeo vya mikaratusi. Mtu hawezi kuulaani mti huo akiwa amekaa ndani ya nyumba.

Kwa mkimbizi mambo ni magumu zaidi. Uganda humpa kipande cha ardhi alime, na sheria yake ya wakimbizi ya mwaka 2006 imesifiwa kwa ukarimu. Lakini ardhi hiyo ni ya kutumia, haiwi mali yake. Mahindi na maharage huvunwa baada ya miezi. Mkaratusi huhitaji miaka kadhaa kabla ya kutoa nguzo. Kwa hiyo kuupanda ni kusema kwamba mtu anatazamia kuwapo siku ya kukata, na hilo ni neno zito kwa aliyekuja akiwa na nia ya kurudi. Kuni nazo hazingoji. Vilima vilivyozunguka makazi vimepungua miti mwaka hata mwaka, na wanawake na watoto huenda mbali zaidi kuitafuta, wakati mwingine hadi mashamba ya wenyeji, na hapo ugomvi huanza. Mashirika na serikali wamegawa miche, ya mikaratusi na ya miti mingine. Katika kugawa huko, na katika ugomvi huo, jina hutumika mbele ya watu wa mataifa manane au zaidi, na wote hawana budi kulielewa.

Ndiyo maana swali la mkaratusi na mkalitusi si la kupuuzwa, wala si la kumpigia mtoto kalamu nyekundu. Ushauri wetu kwa walimu wenzetu wa Isingiro na Mbarara ni kama ufuatao. Mahali ambapo l na r hubadili maana, tuwe wakali, kwa maana Kiswahili hakina huruma hapo: kula si kura, na mahali si mahari, na mtoto asiyezitenganisha ataaibika mbele ya watu siku moja, labda mbele ya wakwe. Katika jina la mti huu hakuna maana ipoteayo. Aandikaye mkaratusi amefuata kamusi nyingi. Aandikaye mkalitusi amefuata chanzo. Tuwakubali wote wawili, mradi kila mmoja ashike tahajia yake toka mwanzo wa insha hadi mwisho. Tunachopaswa kukidai bila kulegeza ni upatanisho: mkaratusi umekatwa, mikaratusi imekatwa. Hapo ndipo Mnyarwanda mdogo, aliyezoea kuuweka mti huu katika in- pasipo tofauti ya umoja na wingi, huteleza na kuandika "mkaratusi zimekatwa". Naye akieleweshwa kwamba kosa lake limetokana na utaratibu wa lugha nyingine ulio kamili, hulirekebisha upesi kuliko akiambiwa kwamba ameharibu.

Aidha, somo lenyewe laweza kufanywa kwa kipindi kimoja. Mwalimu achore mti ubaoni, kila mwanafunzi alete jina la nyumbani kwao, na majina yote yaandikwe kuuzunguka, pamoja na maana zake kwa yale yenye maana. Mtoto wa Kiamhari ataeleza bahari iliyomo katika jina lake kwa watoto ambao wengi wao hawajapata kuiona, na Mganda atatetea n ya kalitunsi. Tukipata nafasi tuongeze topol ya Warusi pembeni, hata kama mti huo ni mwingine. Kisha tuwapeleke nje, kwenye mkaratusi ulio karibu, wakatafute vile vifuniko.